Mbele ya kushitaki jirani kwamba anakula mega zetu

Zamani mu parsele za Lubumbashi tulikuwa tunagombana juu ya maji na juu ya kuran. Robine moja, kontere moja ya SNEL, familia tano, na kila mwisho wa mwezi ulizo lilikuwa lile lile: nani aliwasha resho usiku, wakati wengine wote wanapika na mbabula? Magomvi hayo hayajaisha. Lakini siku hizi kuko mengine yenye yameingia, na tunaona kwamba yanaharibu ujirani mbio kuliko yale ya zamani, kwa sababu kitu chenye watu wanagombania hakionekane na macho. Maji ikimwangika, unaiona. Kuran ikipotea, taa inazimika. Lakini giga zenye zilikuwa mu modemu asubuhi na zenye hazimo tena mangaribi, nani aliona zikienda?

Tunazungumuzia wifi ya nyumba. Kwa wasomaji wetu wa Katuba, wa Kenya, wa Ruashi, wa Kampemba, haiko tena kitu cha watajiri. Mutu ananunua kamodemu kadogo, anatia ndani kadi ya SIM, analipa forfe ya mwezi, na nyumba nzima inaingia ku intaneti. Kijana wa UNILU anashusha masomo yake, mama anazungumuza na mutoto wake mwenye alienda kutafuta maisha Ndola, papa anaangalia mupira. Kiisha siku ya kumi na mbili ya mwezi, forfe inaisha. Ndipo maulizo yanaanza: nani anakula? Na jibu linapatikana mbio sana, kwa sababu kila mutu eko na jirani mwenye hamupende.

Sisi tunasema hivi. Kuko kweli watu wenye wanaingia mu wifi ya wengine bila ruhusa, na kuko njia ya kuwaona na njia ya kuwafunga. Tutazieleza hapa chini. Lakini mara mingi mwizi wa kwanza eko ndani ya nyumba, na haiko mutu. Ni simu yenyewe.

Simu hizi zimetengenezwa na watu wenye, kwao, wifi ni kitu chenye unalipia mara moja mu mwezi na hakiishe. Ukitumia mega za ku simu, simu inakuwa na akili: inauliza mbele ya kushusha video, inangojea mbele ya kufanya programu zake upya. Ukiiingiza mu wifi, inafungua mikono yote mbili. WhatsApp, kama haukuigusa, ikiwa mu wifi inashusha yenyewe picha, sauti, video na makaratasi yote. Sasa uhesabu grupe zako: korali, familia ya upande wa baba, familia ya upande wa mama, wale mulisoma nao, watu wa avenyu. Duka la programu la Google linangojea wifi ili kushusha matoleo mapya, hata ya programu zenye haujafungua tangu Noeli. Picha zako zinapanda zenyewe ku hifadhi ya Google. Na ordinatere yenye Windows, yenye kijana alikopa kwa rafiki wake kwa siku mbili, inakamata masasisho yake ya mwezi nzima usiku mumoja, wakati watu wamelala. Kwa filme tusiseme sana: saa moja yenye picha ya HD ku Netflix inaweza kula mpaka giga 3.

Kwa simu, wifi ni wifi. Haijue kama nyuma yake kuko fibre ya Brussels ao kadi ya SIM yenye giga 20, yenye ilinunuliwa na makuta ya kuuza makala. Sisi njo tunapashwa kuiambia. Na inawezekana: mu simu za Android, ukifinya juu ya jina la wifi, unapata mahali pa kuionyesha kwamba wifi hii inahesabiwa, kwamba haiko ya bure. Ku Windows vilevile. Ku WhatsApp, unaingia mu mipangilio, unakatala ishushe kitu chochote peke yake. Kazi hiyo inaomba dakika kumi kwa kila simu. Tumeona nyumba zenye zilifanya hivyo, na forfe yenye ilikuwa inakufa ku siku ya kumi na mbili ikafika ku siku ya makumi mbili na tano, bila mutu hata mumoja kufukuzwa.

Kwa hiyo, mbele ya kila kitu, kuko jaribio moja lenye kila mutu anaweza kufanya, hata mwenye hakusoma. Modemu inahesabu yenyewe mega zenye zinapita. Ao unaweza kuuliza kampuni yako ya simu kiasi chenye kinabakia. Mangaribi moja, uandike ile namba ku karatasi. Uzime wifi mu simu zote za nyumba, televizio, ordinatere, hata simu ya muzee. Modemu peke yake ibakie inawaka. Asubuhi uangalie tena. Kama namba haikusogea, ao imesogea kidogo tu, unyamaze, uende kutafuta mwizi mu simu zako. Kama giga moja imeenda wakati kila kitu chako kilikuwa kimezimwa, sasa uko na haki ya kusema kuko mutu. Usiangalie taa zenye zinapepesa ku modemu. Zinapepesa hata kama hakuna mutu, na tayari watu wamegombana juu ya taa.

Tunasisitiza sana juu ya jaribio hili kwa sababu watu wengi wanalipita na wanaenda moja kwa moja ku liste. Liste ni ile yenye inaonyesha vifaa vyote vyenye vimeingia mu wifi. Kuiona haiko nguvu. Chini ya modemu kuko karatasi yenye kugundishwa, yenye namba kama 192.168.8.1 ao 192.168.1.1 ao 192.168.0.1. Ile namba unaiandika mahali penye unaandikaka anwani za intaneti, unatia jina na neno la siri la musimamizi, na unatafuta mahali penye panaandikwa vifaa vyenye vimeunganishwa. Kuko pia programu za simu, kama Fing, zenye zinakuonyesha liste bila kuingia mu modemu. Kila kifaa kiko na jina lake na kiko na namba yake, ile wanaita MAC, yenye alama 12.

Na hapa njo kuko mutego. Majina yenye unaona pale haiko majina ya watu. Unakuta alama tu, ao jina la kampuni yenye ilitengeneza kipande kimoja cha ndani ya televizio yako. Unakuta «android» na nyuma yake alama kumi zenye hakuna mutu anaweza kusoma. Zaidi ya ile: tangu Android 10 mu mwaka wa 2019 na iPhone za iOS 14 mu mwaka wa 2020, simu haionyeshe tena namba yake ya kweli. Inajitengenezea namba ya uongo kwa kila wifi, ili wenye maduka na wenye hoteli wasimufuate mutu. Ni jambo muzuri. Lakini maana yake ni kwamba simu moja ya mutoto wako, ukiiambia isahau wifi kiisha uirudishe, inaweza kuonekana na namba mupya kabisa, kama vile mugeni. Mwenye kutaka kujua aangalie alama ya pili ya ile namba: ikiwa 2, 6, A ao E, ni namba ya kujitengenezea. Mu nyumba ya leo, karibu simu zote ziko vile. Zamani mutu aliweza kusoma alama za kwanza na kusema hii ni Samsung, hii ni Tecno. Leo kwa simu mupya hawezi.

Tunajua parsele moja ku Katuba ambako liste ile ilifanya ubaya. Mama mwenye kulipa forfe aliona vifaa saba, wakati mu nyumba yake kuko simu ine. Akaenda ku mulango wa jirani.

«Mama, muko munanikulia mega.»

«Siye? Wapi, mama! Hata kuran ya kushajia simu siye tunaombaka kwenu.»

«Na ule mutoto wa ndugu yenu, anakaaka usiku nyuma ya dirisha yangu na simu, anatafutaka nini pale?»

Kijana yule alikuwa mu mwaka wa mwisho wa sekondari. Alikuwa anakaa nyuma ya dirisha kwa sababu ni pale taa ya nje ya yule mama ilikuwa inafika, na alikuwa anasoma. Maneno yakapanda mpaka kwa mwenye parsele, mwenye parsele akasema hapendi fujo, na familia ile, yenye ilikuwa tayari na deni ya mezi mbili ya nyumba, ikaona ni heri kumurudisha kijana kwa wazazi wake Kipushi. Ekzetat ilikuwa inabakia wiki tisa. Mega, zenyewe, ziliendelea kuisha ku siku ya kumi na mbili. Vile vifaa vitatu vya ziada vilikuwa televizio, simu ya zamani yenye kioo kilipasuka yenye watoto walikuwa wanachezea, na simu ya mama mwenyewe, yenye ilikuwa imeandikwa mara mbili. Ni shemeji yake mwenye alikuja kuvihesabu, kimoja kimoja, siku ya Mungu kiisha kula bukari. Kijana hakurudi.

Liste haiko tribinali. Inakuambia kuko vifaa ngapi. Haikuambie ni vya nani. Ukitaka iseme kweli, uikalie na watu wote wa nyumba: uzime simu moja, uangalie ni jina gani linaondoka, uliandike, uzime ya pili, uandike. Modemu mingi zinakuruhusu kubadilisha majina, uandike «simu ya mama», «televizio». Kama kiisha kazi ile kuko kifaa chenye kinabakia na hakuna mutu wa nyumba mwenye kukijua, basi kiko cha mugeni. Sasa tuzungumuze juu ya mugeni.

Watu wengi wanafikiri kwamba mugeni ni kijana mwenye akili za ajabu, mwenye anavunja wifi na programu za kutoka Urusi. Eko, hatukatale. Lakini mu kartie zetu, mugeni wa kwanza ni ule tulimupatia sisi wenyewe neno la siri, lile watu wanaita modepase. Mutoto wa nyumba alimupatia rafiki yake, rafiki akapatia ndugu yake. Na siku hizi hata kuandika haiombi tena: simu za Android zinaonyesha kale kamuraba keusi na keupe, mwingine anapitisha kamera juu yake, ameingia. Yeye naye, mara moja eko ndani, anaweza kuonyesha kamuraba kale kale kwa wa tatu. Ndani ya wiki moja neno la siri limezunguka avenyu nzima kama habari ya kilio. Hakuna mutu mwenye aliiba, na hakuna mutu mwenye aliuliza.

Mugeni wa pili alikuja kutembelea, akageuza modemu, akafotoa karatasi ya chini. Neno lenye lilitoka ku kiwanda liko pale, limeandikwa wazi, na nyumba mingi hazijalibadilisha hata mara moja.

Wa tatu ni ule mwenye anakisia. Na hapa tunapashwa kusema wazi kitu chenye watu hawapende kusikia: namba ya simu haiko neno la siri. Mu Lubumbashi tunaona kila mahali wifi zenye neno lake ni namba ya simu ya papa. Uhesabu mwenyewe. Namba zetu ziko na tarakimu 10. Tatu za kwanza zinajulikana, kwa sababu kila kampuni iko na zake. Zinabakia saba, maana yake namba milioni 10 kwa kila mwanzo. Kwako ni mingi. Lakini kijana mwenye ordinatere ya nguvu anaweza kukamata hewani ile salamu yenye simu na modemu zinapeana wakati zinaungana, kiisha anarudi kwake na kuijaribisha namba moja moja bila wewe kujua. Na mashini za leo zinajaribu maelfu na maelfu kwa sekunde moja. Namba yako itaanguka ndani ya dakika chache. Neno refu lenye maneno mane matano yenye hayafuatane, lenye bibi yako tu anaweza kuelewa, haliangukake hivyo. Tuko na luga mingi mu muji huu: Kibemba, Kiluba, Kisanga, Kilunda, Kiruund. Uchanganye mbili, utie tarakimu kati, na wale wenye kujaribisha maneno ya Kifaransa na ya Kiingereza watachoka.

Kuko pia kifinyo chenye wanaita WPS, chenye kiliwekwa ili kurahisisha maisha. Mu mwaka wa 2011 mutafiti mumoja, Stefan Viehböck, alionyesha kwamba namba yake ya siri ya tarakimu 8, yenye ilionekana nguvu, modemu ilikuwa inaihakikisha kwa vipande viwili, na tarakimu ya mwisho inahesabiwa kutoka kwa zingine. Kwa hiyo badala ya kujaribu mara milioni 100, mutu alikuwa anajaribu mara 11 000 tu, na anaingia hata kama neno lako la wifi ni refu kama barabara ya Likasi. Modemu za kisasa zimejikinga kidogo, lakini zile za okazio zenye tunanunua ku soko, nani anajua ni za mwaka gani? Uzime WPS. Hakuna mutu mu nyumba mwenye atailia.

Sasa namna ya kufunga. Tumesikia shauri la namna mbili mu muji, na yote mbili hatuyakubali. La kwanza: kuficha jina la wifi ili lisionekane. Ni sawa kuondoa namba ku mulango na kuacha mulango wazi. Mwenye kujua kutafuta analiona jina lile, kwa sababu simu zako zenyewe zinaliita kwa sauti kubwa hewani. La pili: kufunga kifaa kwa namba yake, ile MAC. Tulisema simu zinajitengenezea namba. Mwenye umefunga leo anafinya mahali moja mu simu yake, anarudi na namba ingine, na wewe unakaa kufunga vivuli mpaka usiku. Kufunga kwa namba kunasaidia kwa kitu kimoja tu: kuzuia televizio ao simu ya mutoto wako mwenyewe ku saa ya kulala, kwa sababu mutoto mudogo hajajua bado. Na hata ule, umungojee miaka mbili.

Njia ya kweli ni ya zamani: unabadilisha kufuli. Unaingia mu modemu, unatia neno mupya, watu wote wanatoka mara moja, wazuri na wabaya, kiisha unarudisha wale unawajua, mumoja mumoja, ukitia neno ku simu zao kwa mikono yako. Mu ule ukurasa ule ule uhakikishe kwamba ulinzi ni WPA2 ao WPA3, usiache ile ya zamani WEP, yenye ilivunjika tangu 2001. Na usisahau neno la musimamizi, lile la kuingilia mu ukurasa wenyewe. Likibakia «admin» na «admin», mutu yeyote mwenye yumo mu wifi anaweza kuingia, kusoma neno lako mupya, na kukufungia wewe inje ya nyumba yako. Modemu nayo uitie mu chumba, haiko ku baraza. Nyuma yake kuko kashimo kenye ukifinya na sindano kwa sekunde chache, kila kitu kinarudi kama kilitoka ku kiwanda, na lile neno la ku karatasi linafanya kazi tena.

Wengine watatuuliza: kazi yote hii juu ya giga mbili? Haiko juu ya giga tu. Kila kitu chenye kinatoka mu modemu yako kinatoka na anwani moja, na nyuma ya anwani ile kuko kadi ya SIM yenye imeandikwa kwa jina lako. Mutu mwenye hauwezi hata kutambua sura yake akituma matusi, vitisho, picha za aibu za binti wa watu, ao akidanganya watu juu ya makuta kupitia wifi yako, mulango wenye watakuja kupiga ni wako. Tangu tarehe 13 Mwezi wa Tatu 2023 inchi yetu iko na kode ya numeriki, ordonansi-sheria namba 23/010, na inazibu wenye wanaingia mu mashini za wengine bila haki. Kwa hiyo mwenye kuingia eko na kosa mbele ya sheria. Lakini tuseme ukweli: hakuna mutu wa Kamalondo mwenye atapeleka jirani yake ku parke juu ya mega. Na akipeleka kwa shefu wa avenyu, shefu ataangalia nini? Ile liste yenye majina ya alama?

Kuko upande mwingine, na tunauchukua kwa uzito. Kuko wasomaji wetu wenye wanasema: sisi tuko watu wa parsele moja, chumvi tunaombana, moto tunaombana, kwa nini wifi tufungiane? Wako na haki. Jirani mwenye mutoto wake eko na kazi ya masomo ya kutuma, mama mwenye anangojea habari ya mugonjwa, hatuone namna gani mutu anaweza kuwafungia mulango na kiisha kuwasalimia asubuhi. Tunachokatala ni kupatiana bila kusema. Modemu mingi ziko na wifi ya pili, ya wageni, yenye jina lake na neno lake. Wenye kuingia pale hawaone vifaa vyako, na ukichoka, unabadilisha neno la pale bila kusumbua nyumba. Modemu zingine zinakubali hata kupima spidi ya wageni, ili mutu mumoja asimalize yote na filme. Jirani aingilie pale. Na kama anatumia kila siku, achange kitu, hata kama ni kidogo, sawa vile tunachangaka kwa maji. Mwenye kuchanga haitwe mwizi.

Hili tunalisema hasa kwa wenye parsele, wenye siku hizi wanaandika wifi mu bei ya nyumba. Imekuwa mutindo, na tangu ARPTC iliruhusu Starlink mu mwaka wa 2025, unaona hata sahani zile juu ya mabati. Lokatere wanalipa, kiisha wanaambiwa wao njo wanamaliza. Tumesikia mazungumuzo ya namna hii zaidi ya mara moja:

«Papa, koneksio haiko tangu juzi.»

«Ni nyinyi wenyewe. Munaleta marafiki.»

«Papa, sisi tuko nyumba sita, na neno la siri ni lile lile tangu mwaka jana. Wenye walihama wote wako nalo.»

Lokatere mwenye alisema vile alisema mambo ya maana. Mwenye kupokea makuta ya wifi anapashwa kubadilisha neno kila mara lokatere anahama, sawa vile anabadilisha kufuli ya nyumba. Anapashwa pia kusema wazi giga ziko ngapi na nyumba ziko ngapi zenye zinazigawana. Kama hapendi kazi hiyo, aondoe wifi mu bei, kila mutu ajitafutie.

Na kuko wale wenye wanatuuzia modemu hizi mu muji, ku maduka na chini ya miavuli. Wanafungua kartoni, wanatia kadi, wanaangalia kama taa inawaka, wanapokea dola zao, «byote biko bien, mama». Mama anarudi ku Ruashi na neno la kiwanda, WPS inawaka, «admin» na «admin», na simu ine zenye zitaanza kushusha kila kitu usiku ule ule. Kama fundi alikuja kumutilia ku nyumba, fundi yule anabakia na neno la musimamizi mu simu yake, pamoja na ya nyumba zote zenye alipita. Tunaomba muuzaji abakie na mununuzi dakika tano zaidi: abadilishe maneno mawili mbele ya macho yake, mununuzi mwenyewe aandike, muuzaji ageuze uso. Amuonyeshe mahali liste iko na namna ya kuisoma. Amuambie kwamba simu zake zitafikiri wifi ni ya bure. Na wewe mununuzi, usitoe makuta mu mufuko mbele dakika hizo tano hazijapita.